Kwani CNN ndo tume?

Jumamosi ya tarehe 7 Novemba 2020, saa tano na nusu asubuhi kwa saa za huku Ohio, simu ikaita, mjomba kutoka Tanga. Kule ilikuwa saa moja na nusu usiku, nasikia kabisa adhana ya isha nyuma yake, na mjomba si mtu wa kupiga simu muda wa swala hata siku moja. Nikamwamkia, marahaba yenyewe akaitoa mbiombio. "Eti Biden kapita?" Nikamwambia ndio mjomba, CNN wametangaza sasa hivi na wenzao wote wamefuata. Akanyamaza kidogo. "Haya, CNN wametangaza. Tume yao je, imesemaje?" Nikamwambia huku hakuna tume mjomba. "Hakuna tume? Kwani CNN ndo tume?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshaapa uraia miaka miwili nyuma, nimepiga kura, nimekaa siku nne nzima naangalia ramani ya nyekundu na bluu mpaka macho yanauma, na bado swali la mzee wa Tanga likanikwamisha.

Inabidi mumwelewe mjomba anatokea wapi. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi nyumbani, alikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja, darasa la shule ya msingi, na alilala palepale sakafuni miguu ikigusa sanduku la kura. Kwake yeye matokeo ni karatasi yenye sahihi, mengine yote maneno. Na karatasi za nchi nzima zinakwenda tume, tume inajumlisha, mwenyekiti anasimama anatangaza, na akishatangaza rais basi imetoka hiyo, Katiba yetu ibara ya 41 ibara ndogo ya 7 inasema hakuna mahakama itakayochunguza tena. Sasa umwambie mtu wa namna hiyo kwamba nchi kubwa kama Marekani inasubiri watangazaji wa tivii wamwambie nani rais, atakuelewaje?

Nilirudi kwenye kile kitabu nilichosomea mtihani wa uraia. Enzi zangu maswali yalikuwa 100, afisa anakuuliza mpaka 10, ukipata 6 umefaulu. Mimi niliulizwa maseneta wako wangapi, 100, nikaulizwa nitaje haki moja iliyomo kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, nikasema uhuru wa vyombo vya habari, basi tukaendelea hivyo mpaka sita zikatimia akanipa mkono. Katika maswali yote 100 hakuna hata moja linalouliza nani anamtangaza rais, nilipekua kitabu kizima.

Hakuna, kwa sababu hakuna mtu mmoja wa kutangaza. Katiba yao ya 1787 iliwaachia majimbo kazi ya kuendesha uchaguzi, na majimbo nayo mengi yakaishushia kaunti, na kaunti ziko zaidi ya 3,000, kila moja na makarani wake, mashine zake, namna yake ya kupanga foleni. Ile Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi unayoisikia, iliyoanzishwa miaka ya 1970, kazi yake ni kuangalia hela za kampeni, haihesabu kura hata moja. Kwa hiyo usiku wa uchaguzi kura zinahesabiwa huku na huku, maelfu ya vyumba, na wa kwanza kuwa na akili ya kujumlisha walikuwa waandishi wa habari. Shirika la habari la AP limekuwa likifanya kazi hiyo tangu 1848, mwaka aliposhinda Zachary Taylor, linaweka watu wake kwenye ofisi za kaunti wanachukua namba inavyotoka wanapiga simu, na mpaka leo ndo hivyohivyo tu, kompyuta zimeongezeka lakini mtu bado yupo pale kaunti. Anachotangaza AP au CNN ni hesabu yao kwamba aliyebaki nyuma hawezi tena kufikia, sheria haiwatambui kabisa.

Sheria inatambua vitu vingine vinavyokuja polepole wakati dunia imeshaenda kulala. Kaunti zinathibitisha, jimbo linathibitisha, halafu Desemba wajumbe wa uchaguzi, watu wanaopatikana kwa kura zetu za Novemba, wanakutana kila mmoja jimboni kwake kupiga kura zenyewe za rais. Wako 538 nchi nzima, anayefikisha 270 ndo kapita. Hapa Ohio tuna 17, wanakaa Columbus, makao makuu ya jimbo, na anayeongoza jimboni hata kwa kura moja anabeba wote 17. Majimbo mawili tu, Maine na Nebraska, ndo yanagawa. Januari 6 Kongresi inafungua bahasha inahesabu, Januari 20 mtu anaapa. Kati ya usiku ule wa tivii na ule mwezi wa kwanza, zaidi ya miezi miwili, nchi nzima inaishi kwa kuamini neno la watangazaji.

Na neno lenyewe lilishawahi kuwachoma. Mwaka 2000, Bush na Gore wanagombea urais, jimbo limebaki Florida. Televisheni zikampa Gore Florida kabla hata saa mbili usiku, na sehemu ya magharibi ya jimbo lile iko nyuma kwa saa moja, vituo vyao vilikuwa bado havijafungwa, watu wako kwenye foleni wanasikia kwamba imekwisha. Baadaye usiku wakaifuta. Saa nane na dakika kumi na kitu usiku wa manane televisheni ya Fox wakampa Bush, wengine wakafuata ndani ya dakika chache, AP peke yao wakagoma kutangaza. Gore akampigia Bush kumpongeza, akaingia kwenye gari kwenda kuhutubia wafuasi wake Nashville wakiwa wamelowa mvua, na akiwa karibu kupanda jukwaani wasaidizi wake wakamkamata mkono, pengo limekwisha, usiongee. Akampigia Bush tena akairudisha ile pongezi. Wiki tano zikapita za kushika karatasi za kura kwenye mwanga kuangalia kama tundu la mpiga kura limetoboka, mpaka Desemba 12 Mahakama ya Juu kwa majaji 5 dhidi ya 4 ikasimamisha kuhesabu upya. Tofauti ilikuwa kura 537, kwenye jimbo lililopiga karibu milioni 6.

Nilipomsimulia mjomba hii akaniuliza swali la maana, kwamba hao watangazaji waliokosea walifungwa? Hakuna aliyefungwa. Ndo nikamwambia kuhusu ile haki niliyoitaja kwenye mtihani, kwamba huku imekwenda mbali kuliko karibu kila mahali. Kesi inayoishikilia inaitwa New York Times dhidi ya Sullivan, ya 1964. Gazeti lilichapa tangazo la watu waliokuwa wanamchangia Martin Luther King, lina makosa madogomadogo, mfano limesema King kakamatwa mara saba kumbe mara nne, kiongozi mmoja wa mji wa Montgomery, Alabama, ndo huyo Sullivan, akashtaki ingawa hata jina lake halikutajwa, na mahakama za Alabama zikampa dola 500,000. Mahakama ya Juu, majaji wote 9, ikasema hapana, mwenye cheo cha umma hawezi kulipwa mpaka athibitishe kwamba waandishi walijua ni uongo au hawakujali kabisa kama ni kweli. Fikiria mantiki yake, kila gazeti la Kusini kipindi kile lingeweza kufilisiwa kwa kosa la kuhesabu mara ngapi mtu kakamatwa, na habari za ubaguzi zingekufa palepale. Naiamini hukumu ile kwa moyo wote, mie nimetoka mahali ambapo mhariri anaitwa ofisini kwa mkuu kueleza kichwa cha habari.

Lakini ina mpaka, na mpaka wake tuliuona. Baada ya ule uchaguzi wa 2020 watangazaji na wageni wa Fox walizungumza wiki kwa wiki kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziliiba kura, Dominion wakashtaki, meseji za ndani zikatoka zikionyesha watu wenyewe hawakuamini walichokuwa wanakirusha, na Aprili 2023, kesi ikiwa ndo inaanza, Fox wakakubali kulipa dola milioni 787.5. Mjomba alipiga hesabu ya shilingi akaachia njiani.

Mimi sasa nikakata shauri nikaangalie ile karatasi kwa macho yangu. Hapa Ohio ukiwa mpiga kura uliyejiandikisha unaweza kuomba kufanya kazi kituoni, hata mtoto wa sekondari wa miaka 17 anayemaliza mwaka wa mwisho wanamchukua, unasoma semina masaa machache, unalipwa kidogo, na siku yenyewe ni kutwa nzima. Novemba 5, 2024, saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kwenye ukumbi wa kanisa unaonuka kahawa na nta ya sakafu, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba hakuna kinachofanywa na mtu wa chama kimoja peke yake. Kufungua lakiri wawili, kuhesabu karatasi wawili, kwenda na gari kurudisha vifaa usiku wawili, mmoja Republican mmoja Democratic. Mwenzangu alikuwa mzee mstaafu wa reli, Republican, kofia yake ya kampeni kaiacha kwenye gari kwa sababu humo ndani hairuhusiwi. Kabla hatujafungua mlango, tukaiamuru skana, ile mashine inayosoma kura, itoe risiti ya sifuri. Inatoka kama risiti ya supamaketi, ndefu, inajikunja, kila jina la mgombea na mbele yake 0, 0, 0. Tukaisoma yote, mzee anapitisha kidole jina kwa jina, tukatia sahihi. Mjomba alikuwa kichwani kwangu dakika zote zile.

Sasa nataka muione karatasi yenyewe ya kura ilivyo, maana sisi tuliotoka nje tunajua mistari miwili ya juu tu, rais na seneta. Chini yake kuna mbunge wa Kongresi, wabunge wa jimbo, majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya Ohio, ndio, majaji wanapigiwa kura na mwananchi, halafu majaji wengine wa chini, sherifu, mwendesha mashtaka wa kaunti, mweka hazina, injinia wa kaunti, mpaka daktari wa kuchunguza waliokufa vifo vya utata naye anagombea. Niliona watu wanaingia kwa nguvu zote, wanachagua rais kwa sekunde tatu, halafu wanafika kwa majaji wanasimama, wanakuna kichwa, wanageuka kutuangalia kama wanafunzi waliokutana na swali ambalo halikufundishwa.

Kama saa nane mchana akaingia mama mmoja Mkongomani, kitambaa kizuri cha kitenge kichwani, kitambulisho mkononi, akaniskia naongea akajua. "Dada, unasema Kiswahili?" Nikamwambia ndio mama, karibu. Kiingereza cha dukani na cha hospitali anakijua, cha wanasheria hapana, na sheria inamruhusu mtu asiyeweza kuisoma karatasi kusaidiwa, akisaidiwa na sisi wa kituoni basi lazima tuwe wawili wa vyama tofauti. Nikamwita mzee wangu wa reli. Tukasimama watatu, mimi natafsiri neno kwa neno kilichoandikwa, mzee kasimama pembeni haelewi hata silabi moja na kazi yake ni kuhakikisha simshawishi. Nilihisi uzito wake mpaka mgongoni. Sijawahi kutafsiri kwa uangalifu kama siku ile, hata sauti niliiweka bapa, jina la huyu na jina la yule kwa sauti ileile.

Rais, akabonyeza, mimi nikaangalia ukutani. Tukaenda tukafika mwisho, Hoja namba 1. Hii ilikuwa ya kubadilisha Katiba ya Ohio, kwamba ramani za majimbo ya uchaguzi zisichorwe tena na wanasiasa, zichorwe na tume ya raia. Sasa maneno ya kwenye karatasi hayakuandikwa na walioleta hoja, yaliandikwa na bodi ya jimbo yenye wapinzani wengi wa hoja, na yakaandikwa kwamba tume hiyo mpya italazimika "to gerrymander". Walioleta hoja walikwenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya Ohio ikayaacha maneno mengi yapite, 4 kwa 3. Na barabarani mabango ya pande zote mbili, wa ndio na wa hapana, yote yanasema komesha gerrymandering.

Nikafika kwenye neno lile nikakwama. Kiswahili chake kipi? Nikisema "kuchora mipaka kwa hila" nimeshatoa hukumu, nikisema "kupanga mipaka" nimeshaficha. Nikalisoma kama lilivyo, jerimanda. Mama akageuka akanitazama. "Ile iko nini, dada?" Najua. Najua kabisa, ningeweza kumweleza kwa dakika mbili akaelewa kuliko nusu ya waliopita mlangoni siku ile. Nikamwambia mama nisamehe, humu ndani siruhusiwi kukueleza, naruhusiwa kusoma tu. Akanitazama kwa muda, nikaona anapima kama namdharau au vipi. Mzee wa reli akaona uso wangu akauliza kuna tatizo? Nikamwambia anauliza gerrymander maana yake nini. Akatikisa kichwa pole pole akasema hata yeye asingeweza kumjibu kwa uhakika. Mama akabonyeza kitu, karatasi ikachapwa, akaiingiza kwenye skana kwa mkono wake, ikalia mlio wake, akaondoka bila kuniaga.

Saa moja na nusu usiku tukafunga. Skana ikatoa tena risiti, safari hii ndefu na ina namba, tukatia sahihi, nakala moja ikabandikwa kwenye kioo cha mlango kwa selotepu, na mimi na mzee wa reli tukapakia vifaa kwenye gari lake. Njiani redio yake ilikuwa imezimwa. Nilitaka nimpigie mjomba nimwambie karatasi ipo, ina sahihi mbili, iko mlangoni kwa kila apitaye, wakati huo hakuna tivii yoyote iliyokuwa na namba zetu.

Asubuhi yake AP wakamtangaza Trump saa kumi na moja na nusu alfajiri ya huku, saa saba na nusu mchana Tanga, na mjomba akawa amejua kabla yangu mimi niliyekuwa nimelala na viatu.

Na hapa ndo penye donda langu kwenye jambo hili zima. Kumtangaza rais, vyombo vya habari vinafanya vizuri siku hizi, wamejifunza kutoka 2000, wanasubiri. Tatizo ni mistari ya chini ya karatasi. Pale Youngstown, hapahapa Ohio, gazeti la The Vindicator lililoanza 1869 lilifungwa Agosti 2019, miaka 150, likabaki jina tu likatumiwa na gazeti la mji wa jirani. Nani sasa anakaa kwenye kikao cha kaunti Jumanne usiku akiandika? Nani atamwambia mpiga kura huyu jaji alihukumu nini? Haki ya uhuru wa habari ipo kwenye Katiba tangu 1791 haijaguswa hata herufi, lakini haki haiajiri mwandishi, na mwandishi asipokuwepo pengo linajazwa na bango la barabarani na klipu ya sekunde thelathini. Hata sisi waongea Kiswahili tuliguswa, mjomba amejifunza Marekani yote kupitia redio, Sauti ya Amerika, yaani VOA, idhaa ya Kiswahili, na Machi 2025 serikali iliwapeleka likizo ya lazima wafanyakazi wa VOA kwa mamia, matangazo yakakatika, nyumba ile ya Tanga ikawa kimya wakati wa habari. Aliniuliza kama ni betri.

Wakenya mwaka 2022 IEBC, tume yao ya uchaguzi, ilipoziweka fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, tivii zao zilianza kujumlisha kila moja kivyake na namba hazikufanana, watu wakachanganyikiwa, lakini kuna kitu kizuri kilitokea, kila mtu mwenye simu aliweza kuiona karatasi ya kijijini kwake. Natamani huku tungekuwa na macho ya namna ile kwa yale ya chini.

Hoja namba 1 ilianguka. Ilipata kama asilimia 46 hivi. Hii ni Ohio ambayo mwaka 2022 Mahakama yake ya Juu ilizikataa ramani mara 7, jaji mkuu Maureen O'Connor, Republican, akiwa upande wa waliozikataa, na bado uchaguzi ukafanyika kwa ramani zilizokataliwa. Alipostaafu ndo akaja kuongoza hiyo hoja.

Wiki ya pili ya Desemba nilikuwa kwenye duka la Kiafrika natafuta dagaa, nikasikia nyuma yangu, "Dada. Ile neno. Leo unaweza niambia?" Yule mama, kitambaa kingine, kikapu kina sombe na mafuta ya mawese. Nikamwambia leo naweza mama, uchaguzi umekwisha. Nikaomba muuzaji maharage, nikahesabu kauntani mekundu 9, meupe 6. Nikamwambia mama, hiki kijiji, wekundu ndio wengi. Wanachagua wabunge watatu, kwa hiyo tugawe mafungu matatu, kila fungu punje tano. Yeye mwenyewe akagawa vizuri, kila fungu mekundu 3 na meupe 2, wekundu wamepata wote watatu. Nikazikusanya. Sasa mimi mweupe nimepewa kalamu ya kuchora. Nikaweka mekundu 5 yote fungu moja. Halafu mekundu 2 na meupe 3. Halafu mekundu 2 na meupe 3. Akahesabu kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Wekundu ni tisa na wana mbunge mmoja, weupe ni sita na wana wawili, na hakuna punje iliyoibiwa.

Nikamwambia neno lenyewe lilizaliwa gazetini, Boston mwaka 1812, gavana Elbridge Gerry alipotia sahihi ramani yenye wilaya iliyojipinda kama salamanda, kiumbe mfano wa mjusi, wakaunganisha jina lake na la salamanda yule. Lakini alikuwa hanisikilizi tena, alikuwa anayasogeza maharage, anajaribu yeye kuwa mweupe, anayarudisha, anajaribu tena. Muuzaji akaacha kufunga mizigo naye akaja kuangalia.

"Kumbe iko ile," akasema. Akakaa kimya. Nikamwona anakumbuka kidole chake kilibonyeza wapi siku ile, na mimi sikumuuliza. Akayakusanya maharage yote kumi na tano kwenye kiganja, akamwuliza muuzaji bei.